Bouzouki Bila Mwimbaji: Santuri ya New York Iliyowafungulia Njia Wapigaji wa Piraeus

Januari 1932, mjini New York, kampuni ya Columbia ilirekodi santuri ambayo mfanyabiashara mwangalifu wa wakati ule angeweza kuikataa bila kujieleza. Mpigaji alikuwa Ioannis Halikias, mhamiaji wa Kigiriki ambaye Marekani alitumia jina la Jack Gregory. Ala yake ilikuwa bouzouki, ala ya nyuzi ya Kigiriki. Gitaa la kumsindikiza lilishikwa na Sophocles Mikelides. Mwimbaji hakuwepo. Vikatoka vipande viwili vya ala tupu: "Minore tou Teke" upande mmoja, na upande wa pili zeibekiko, yaani ngoma nzito ya Kigiriki, iliyopewa jina la "Mystirio".

Santuri hiyo ilipofika Ugiriki ilipendwa sana. Mwaka uliofuata makampuni ya Athens, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yameipa bouzouki kisogo, yalianza kuwarekodi wapigaji wa Piraeus mmoja baada ya mwingine. Ala iliyokuwa inaonewa haya ikawa sauti ya taifa zima.

Piraeus ni bandari ya Athens. Reli imeiunganisha miji hiyo miwili tangu 1869, na safari yake ni fupi. Wapigaji hodari wa bouzouki walikuwepo huko huko, jirani kabisa na ofisi za mawakala wa santuri. Sasa ilikuwaje ala hiyo ihitaji kwanza kurekodiwa ng'ambo ya Atlantiki ndipo watu wa nyumbani waikubali? Nitasema mapema ninachoamini, kisha nitoe hoja zangu: kilichofanya kazi ni kule kukosekana kwa mwimbaji. Sababu nyingine zilikuwepo, tena nzito, na nitazipa haki yake. Lakini bila upande ule wa santuri usio na neno hata moja, naona mlango ungechelewa zaidi kufunguka.

Tuanze na ala yenyewe. Bouzouki ya miaka ile ilikuwa na shingo ndefu, tumbo la mviringo mfano wa pea iliyopasuliwa katikati, na nyuzi sita za chuma zilizopangwa mbili mbili. Jozi hizo tatu ziliwekwa sauti za re, la, re, ingawa wapigaji wa zamani walikuwa na namna nyingine nyingi za kuziweka, kila moja na ladha yake, na mpigaji alibadilisha kulingana na wimbo. Mahadhi yalipigwa zaidi kwenye jozi ya juu, huku nyuzi za chini zikiachwa zivume wazi. Uvumi huo ndio roho ya ala hii. Ndugu yake mdogo, baglamas, alikuwa mwepesi kufichwa chini ya koti, na wanamuziki wenyewe walisimulia kwamba jambo hilo lilikuwa na faida polisi walipotokea.

Polisi walitokea kwa sababu bouzouki ilikuwa na makazi yake: teke, yaani kijiwe cha wavutaji hashishi, na gereza. Huko ndiko nyimbo zake zilikotungwa na kuimbwa, zikizungumzia moshi, kifungo, wanawake, umasikini na mama anayelia. Watu wa namna hiyo waliitwa manges, wajanja wa mtaani wenye mwendo wao na lugha yao. Kwa familia ya tabaka la kati ya Athens, kuiweka bouzouki sebuleni ilikuwa ni kumkaribisha mhuni mezani.

Baada ya 1922 mambo yalibadilika kwa kishindo. Vita vya Asia Ndogo kati ya Ugiriki na Uturuki viliisha kwa maafa, mji wa Smyrna (Izmir ya leo, Uturuki) uliteketea, na mkataba wa Lausanne wa 1923 ukaamuru watu wabadilishane nchi kwa misingi ya dini. Wakimbizi wapatao milioni 1.2 waliingia katika nchi yenye watu kama milioni tano. Wengi walijazana pembezoni mwa Piraeus na Athens katika vibanda. Hata hivyo hawakuja mikono mitupu. Walikuja na wanamuziki waliosoma, waliokuwa na uzoefu wa kupiga kwenye mikahawa ya mji mkubwa wa biashara, wakiwa na fidla, udi, kanuni na tsimbalo, ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti.

Hao ndio walioshika usukani wa biashara ya santuri. Panagiotis Toundas, mtunzi kutoka Smyrna, alikuja kuwa msimamizi wa muziki wa Columbia. Spyros Peristeris, naye wa Smyrna, alifanya kazi hiyo hiyo upande wa kampuni ya Odeon. Walikuwa mafundi wa kweli, na muziki waliousimamia ni mtamu mno. Mpenzi wa taarabu ya Unguja akiusikiliza hatajiona mgeni: majina ya njia za mahadhi ni rast, hijaz, saba, na mpigaji hutangulia na taksimu kabla ya wimbo, kama inavyofanyika kwetu. Kanuni ya Smyrna na kanuni ya Zanzibar zimetoka shina moja, lile la dola ya Uthmaniya na miji ya Waarabu iliyoizunguka.

Kwa hiyo kampuni za Athens hazikukosa masikio. Zilikuwa na masikio yaliyozoea fidla na udi. Bouzouki kwa masikio hayo ilikuwa ala ya mtu asiyesoma muziki.

Kabla ya kufika New York, lazima niondoe dhana moja inayorudiwa mara nyingi, kwamba Halikias ndiye wa kwanza kurekodi bouzouki. Siye. Rekodi ya mapema kabisa inayojulikana ilifanyika Ujerumani mwaka 1917. Kikosi kizima cha jeshi la Ugiriki, maelfu ya askari, kilikuwa kimejisalimisha kwa Wajerumani mwaka uliotangulia na kupelekwa mji wa Görlitz. Tume ya Prussia iliyokuwa ikikusanya lugha na muziki kwa mashine za kunasa sauti ikawafuata askari hao. Aliyeshughulikia lahaja zao alikuwa August Heisenberg, Mjerumani mtaalamu wa lugha ya Kigiriki, baba wa mwanafizikia Werner Heisenberg. Miongoni mwa askari alikuwemo Konstantinos Kalamaras, na bouzouki yake ikanaswa. Lakini ule ulikuwa utafiti. Hakuna duka lililouza rekodi hizo, na hakuna kijana wa Piraeus aliyezisikia.

Mwaka 1928, New York, bouzouki ya Manolis Karapiperis ilisikika nyuma ya mwimbaji Yiannis Ioannidis. Mwaka 1931, Athens kwenyewe, ala hiyo ilisikika tena ikimsindikiza mwimbaji. Zingatia mahali ilipokaa mara zote mbili: nyuma. Msikilizaji alikuwa ananunua sauti na maneno, na bouzouki ilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyokuwemo. Iliposhindwa kuuzika hakuna aliyejua ni kwa sababu ya wimbo, mwimbaji au ala. Ilipouzika hali kadhalika.

Jambo hilo la kibiashara ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mwenye kampuni hawezi kuamua kuhusu ala asiyoweza kuipima peke yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba santuri ya ala tupu ilikuwa kitu kigeni kwa Wagiriki. La hasha. Muziki wa vijijini ulikuwa umejaa vipande vya namna hiyo, na Marekani vilirekodiwa kwa wingi katika miaka ya 1920. Alexis Zoumbas, mpiga fidla kutoka Epirus, mkoa wa milima ya kaskazini magharibi, alirekodi New York mahadhi ya maombolezo na ya wachungaji ambayo hadi leo yanamfanya msikilizaji anyamaze. Harilaos Piperakis alirekodi lyra ya Krete, ile ala ya kupigwa kwa upinde ikiwa imesimama gotini. Klarineti nayo ilikuwa na santuri zake. Wahamiaji walizinunua kwa ajili ya harusi, ubatizo na jioni za Jumapili, maana wacheza ngoma wanahitaji mapigo kuliko maneno.

Soko la ala tupu lilikuwepo basi, ila lilikuwa la ala za kijijini zenye heshima. Fidla ya Zoumbas ilimkumbusha mhamiaji mlima wa kwao na kaburi la babu yake. Bouzouki ingemkumbusha nini? Gati, baraza la wahuni, mlango wa jela. Aliyeamua kuirekodi peke yake mwaka 1932 alivuka mstari ambao Athens ilikuwa haijauvuka.

Na kwa nini New York iliweza? Naona mambo matatu. Kwanza, waliokuwa wakiamua pale Columbia hawakuwa wakiishi ndani ya aibu ya Kigiriki. Kwao hii ilikuwa santuri nyingine katika orodha ya lugha za kigeni, ile iliyotiwa alama ya herufi F, pamoja na Waitaliano, Wapolandi, Waukraine na wengineo. Bouzouki, mandolini, balalaika, zote zilikuwa ala za wahamiaji. Pili, wanunuzi wenyewe. Wagiriki waliohamia Marekani kabla ya vita vya kwanza walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, wafanyakazi wa reli, viwanda, migodi na mikahawa, na burudani yao ilikuwa kwenye migahawa ya kahawa waliyojifungulia katika kila mji. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilikuwa imeufunga mlango, ikiwaruhusu Wagiriki 100 tu kwa mwaka. Waliokuwemo walijua kwamba jamaa hawaji tena. Santuri ilibeba mzigo mkubwa kwa watu hao.

Tatu ni wanamuziki wahamiaji wenyewe, ambao walikuwa wamekwisha jenga desturi ya kuthubutu. Kyria Koula, yaani Koula Antonopoulou, alikuwa na lebo yake mwenyewe, Panhellenion, tangu 1919. Marika Papagika aliimba nyimbo za Smyrna, za milimani na za wahuni bila kubagua, mumewe Kostas akimpigia tsimbalo. George Katsaros, mzaliwa wa kisiwa cha Amorgos, aliimba nyimbo za teke kwa gitaa lake akizunguka nchi nzima. Huko ng'ambo, mipaka kati ya muziki wa heshima na muziki wa mtaani ilikuwa imelegea.

Teknolojia nayo ina neno lake hapa, na ningependa kukaa kidogo juu yake kwa sababu mara nyingi inasahaulika watu wanapozungumzia rebetiko, yaani muziki huu wa mtaani wa Wagiriki. Hadi mwaka 1925 muziki ulirekodiwa bila umeme. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa, mtikisiko wa hewa ukasukuma sindano, sindano ikachora kwenye nta. Mashine hiyo iliwapenda wenye sauti ya kupasua: mwimbaji wa kifua kipana, klarineti, fidla, tarumbeta. Ala ya kucharazwa yenye sauti fupi inayofifia ilipotea, na mvumo wa nyuzi za chini uliliwa kabisa. Maikrofoni ilipoingia, kile kilichokuwa siri ya chumba kidogo kiliweza kufika kwenye santuri: mgongano wa kijiti na waya, mtetemo wa jozi ya nyuzi zisizolingana sawasawa, uvumi wa re unaokaa chini ya kila kitu. Santuri ya Halikias ni ya zama za maikrofoni. Kama angeingia studio mwaka 1915, huenda tungebaki na mlio mwembamba tu usiomshawishi mtu.

Kisha kulikuwa na uchumi. Mwaka 1927 Marekani iliuza santuri zaidi ya milioni 100. Kufikia 1932 mauzo yalikuwa yameporomoka hadi kama milioni sita. Katika hali hiyo kila kikao cha kurekodi kilipimwa kwa senti. Wanamuziki wawili wasio na mwimbaji ni gharama ndogo kuliko kundi la watu sita. Siwezi kuliona jambo hili kuwa la bahati tu: dhiki ilifanya jaribio dogo lipendeze.

Na walichojaribu kilikuwa nini kwa masikio? Bouzouki iko mbele kabisa na haina pa kujificha. Mahadhi yako katika ngazi ya maina, ile ambayo Wagiriki huiita minore, na ambayo waimbaji wa Smyrna walikuwa wameifanya kipenzi cha watu kwa miaka mingi. Gitaa linashika chini, likimpa mpigaji sakafu ya kukanyagia. Zeibekiko ni ngoma ya mapigo tisa, nzito, ya mtu mmoja anayecheza peke yake huku wengine wakimwangalia bila kumwingilia. Hakuna haraka ndani yake. Sanaa ya kuipiga ni kujua pa kuacha nafasi.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Jina lililoandikwa kwenye karatasi ya santuri linataja teke waziwazi. Hakuna aliyedanganywa kuhusu muziki huu umetoka wapi. Lakini ndani ya santuri hakuna kiko cha hashishi, hakuna polisi, hakuna kisu. Mwenye nyumba anayeona haya kuimba maneno ya wahuni mbele ya watoto anaweza kuiweka santuri hii kwenye gramafoni, akaisikiliza hadi mwisho, na asipate cha kukemea. Na yule aliyetoka kwenye vijiwe hivyo anasikia kila kitu, maana anayajua maneno ambayo hayakuimbwa. Santuri moja ikauzwa kwa watu wa aina mbili ambao wasingeketi meza moja.

Kwa makampuni ilikuwa na maana ya pili. Safari hii kilichouzika kilikuwa bouzouki, na hakukuwa na mwimbaji maarufu wa kupewa sifa.

Athens nayo ilikuwa tayari kuitikia kuliko miaka mitano nyuma. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 mafundi wa kurekodi walikuja kutoka Ulaya, wakakodi vyumba vya hoteli, wakarekodi kwa wiki kadhaa na kuondoka na nta zao ili santuri zikatengenezwe nje. Desemba 1930 kiwanda cha Columbia kilifunguliwa Rizoupoli, pembeni mwa Athens, cha kwanza nchini kutengeneza santuri. Jaribio jipya sasa liliweza kutoka studio hadi dukani bila kuvuka mpaka. Mwaka 1932 serikali ya Ugiriki iliachana na kiwango cha dhahabu mwezi Aprili, na Mei ikashindwa kulipa madeni yake ya nje. Sarafu iliposhuka, kila kilichoagizwa kutoka ng'ambo kilipanda bei. Ikiwa watu wanaitaka bouzouki, na santuri ya Marekani ni ghali, hesabu inajifanya yenyewe: mtafute mpigaji wa hapa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaifahamu njia hii ya biashara. Mwaka 1928 His Master's Voice ilimchukua Siti binti Saad na wapigaji wake hadi Bombay, na santuri zilizorudi Unguja zilithibitisha kwamba kuna soko la sauti ya Kiswahili. Odeon na Columbia zikafuata. Kwa Siti na kwa Halikias, mashine ilikuwa mbali na watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani walijua thamani ya walichonacho pale kiliporudi kikiwa kwenye santuri.

Sasa tumfikie Markos Vamvakaris. Alizaliwa 1905 kisiwani Syros katika familia masikini ya Wakatoliki, akaenda Piraeus akiwa bado mtoto, akabeba makaa bandarini, kisha akafanya kazi machinjioni. Kwa simulizi yake mwenyewe, siku alipomsikia Nikos Aivaliotis akipiga bouzouki aliapa kwamba asipojifunza katika miezi sita ataukata mkono wake kwa panga la machinjioni. Kufikia 1933 alikuwa mpigaji anayejulikana vijiweni na hajulikani kabisa madukani.

Peristeris ndiye aliyemshawishi Minos Matsas, mwenye Odeon ya Ugiriki, wamrekodi. Katika kikao hicho Peristeris, mtu wa mandolini na mwenye kuijua bouzouki pia, alichukua gitaa na kumwachia Markos nafasi ya mbele. Ukiliangalia kwa makini, ni mpangilio ule ule wa New York: bouzouki moja mbele, gitaa moja nyuma. Zikarekodiwa "O Dervisis" na "O Harmanis". Lakini Odeon ilichelewesha kuzitoa hadi 1934, na Columbia, iliyomrekodi baadaye kidogo, ikawahi sokoni. Santuri ya kwanza ya Markos kuuzwa ilikuwa na "Karadouzeni" upande mmoja na "Arap" upande mwingine.

"Arap" ni kipande cha ala tupu, na hilo halitajwi vya kutosha. Markos hakujiona kuwa mwimbaji, na ilibidi watu wa Columbia wamhimize aimbe. Wakapata sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo hakuna mwalimu wa muziki angeipitisha, na ambayo leo hatuwezi kuiwazia rebetiko bila yake. Hata hivyo santuri ile ilimega nafasi sawa kwa sawa: upande wa maneno na upande wa vidole. Ninaona hapo mkono wa "Minore tou Teke". Mwaka mmoja tu kabla, hakuna kampuni ya Athens ambayo ingetoa upande mzima wa santuri kwa bouzouki ya kijana wa machinjioni.

Je, haiwezekani kwamba haya yote yangetokea hata Halikias asingerekodi? Ni swali la haki. Kiwanda kilikuwepo, maikrofoni ilikuwepo, dhiki ya uchumi ilikuwepo, wapigaji walikuwepo. Na ile rekodi ya Athens ya 1931 inaonyesha kwamba kuna watu walioanza kuijaribu bouzouki bila kusukumwa na mtu wa New York. Ningekubali kwamba ala hii ingeingia kwenye santuri siku moja. Nisichokubali ni kwamba ingeingia namna ile, ikiwa mbele, na mpigaji wake akitajwa jina lake. Rekodi ya 1931 ilikuwa na vitu vyote hivyo isipokuwa kimoja, na haikufuatiwa na msako wa wapigaji. Ya 1932 ilifuatiwa. Tofauti kati ya hizo mbili ni nafasi ya bouzouki.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1934 Markos aliunda kundi na Giorgos Batis, Stratos Pagioumtzis na Anestis Delias, watu wanne wa Piraeus waliopiga hadharani kwa malipo muziki ambao miaka michache nyuma ulipigwa kwa kuchungulia dirishani. Stratos aliimba kwa koo ya dhahabu. Batis alishika baglamas. Delias, mzaliwa wa Smyrna na mwana wa mwanamuziki, alikuwa na kipaji ambacho dawa za kulevya zilikimaliza mapema. Alifariki 1944, wakati wa uvamizi wa Wajerumani.

Agosti 4, 1936 Ioannis Metaxas alitwaa madaraka yote, na kuanzia 1937 kila wimbo ulipaswa kupita kwa wakaguzi kabla ya kurekodiwa. Maneno ya hashishi yakafutwa. Mahadhi yenye harufu ya Mashariki yalitazamwa kwa jicho baya, na mtindo wa Smyrna ukadhoofika. Unaweza kutarajia kwamba bouzouki, ala ya wavutaji, ingetangulia kutupwa. Haikutupwa. Ilikuwa imeshakaa kwenye orodha za makampuni kwa miaka minne, inauza, na imeshathibitika kwamba inaweza kusimama bila yale maneno yaliyokuwa yakiwaudhi wakubwa. Kijana kutoka Trikala aliyefika Athens akikusudia kusoma sheria, Vassilis Tsitsanis, alirekodi katika miaka hiyo hiyo ya ukaguzi nyimbo za mapenzi na huzuni ambazo mtu yeyote angeweza kuziimba nyumbani, bouzouki yake ikizifungulia kwa vipande vya utangulizi vilivyosukwa kwa ustadi mkubwa. Vita vilisimamisha kurekodi kuanzia 1941 hadi 1946. Baada ya vita hakuna aliyeuliza tena kama bouzouki inafaa. Januari 1949 mtunzi Manos Hatzidakis alisimama mbele ya wasomi wa Athens kuitetea rebetiko kama sanaa kubwa, na katika miaka ya 1950 Manolis Hiotis akaipa bouzouki jozi ya nne ya nyuzi, ikawa nyepesi kwa kupiga sauti kadhaa kwa pamoja kama gitaa na kwa mbio za vidole. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza rebetiko kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Halikias alirekodi vipande vingine vichache Marekani, na jina lake halikupata kamwe ukubwa wa jina la Markos. Naliona hilo kuwa pungufu la haki. Wagiriki wengi wanaoijua "Minore tou Teke" kwa moyo, na kila mwanafunzi wa bouzouki hujaribu kuipiga siku moja, wameijifunza kutoka kwa wapigaji wa baadaye walioirudia.

Rekodi zote hizi zimesafishwa na kutolewa upya, na anayetaka kuipima hoja yangu anaweza kufanya hivyo jioni moja. Aanze na ile ya Karapiperis ya 1928 na aitafute bouzouki nyuma ya mwimbaji. Afuatishe Halikias wa 1932, asikilize jinsi gitaa linavyobaki mahali pake ili bouzouki iwe na uwanja wote. Kisha aweke "Arap" ya Markos ya 1933. Mkono wa Markos ni mkali zaidi, una uzito wa mtu aliyebeba makaa, na mahadhi yake yanaelekea Mashariki kuliko yale ya Halikias. Akimaliza, ageuze upande wa pili, "Karadouzeni", aone sauti ya mwimbaji inavyoingia juu ya ala ambayo tayari imekwisha kujitosheleza.